Kalenda mbili ukutani: mwongozo wa kamati ya msikiti kwa mwaka wa ibada, sadaka na ardhi

Kabla hamjaitisha kikao cha kwanza cha Ramadhani, tundikeni kalenda mbili ukutani mwa ofisi ya msikiti. Moja ya mwezi, nyingine ya jua.

Ibada zetu zinafuata mwezi: mfungo, Idi mbili, Arafa, Ashura, na hauli ya zaka, yaani mwaka mzima ambao mali hukaa kabla ya kutolewa zaka. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka ukiipima kwa kalenda ya jua, na huchukua takriban miaka 33 kuzunguka majira yote. Mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mwingine mwishoni mwa Desemba. Ardhi haina habari na hayo. Mvua, mbegu, ukame na mavuno vinafuata jua. Kamati inayotazama kalenda moja tu itapanda miche katikati ya kiangazi kwa kuwa "ni siku njema", au itakaa Ramadhani ikisubiri zaka ya mazao yaliyokwisha kuliwa miezi minne nyuma.

Nimewahi kuwa katibu wa kamati ya namna hiyo. Tuliamua kupanda miche arobaini asubuhi ya Idi, mara baada ya hotuba, watu wakiwa bado na kanzu zao mpya. Ilipendeza sana. Idi ile iliangukia mwezi wa pili wa kiangazi. Kufika Idi ya Kuchinja, miche miwili tu ilikuwa hai, yote miwili kando ya mabomba ya kutawadhia. Hakuna aliyekuwa akiimwagilia. Ilikuwa ikinywa maji tuliyokuwa tukiyamwaga ovyo. Mengi nitakayoyasema hapa yametokana na ile miche miwili.

Hatua ya kwanza: mipango ya mwaka wa msikiti ianze Rajabu

Hesabu ya zamani ya Kiswahili huanza upya pale Ramadhani inapokwisha: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, hivyo hivyo hadi Mfunguo Tisa, ndipo zinakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani zenye majina yao wenyewe. Wazee walijua mwaka wa jamii unageukia wapi. Fuateni njia hiyo hiyo. Kikao kikubwa cha mipango kiwe Rajabu, mpate miezi miwili ya kujiandaa. Kikao cha hesabu kiwe Mfunguo Mosi, kabla watu hawajasahau na risiti hazijapotea.

Kwenye kalenda ya mwezi zungushieni wino mwandamo wa Ramadhani, kumi la mwisho, Idi, sita za Shawwal, siku tisa za mwanzo za Dhulhija ikiwemo Arafa, siku za kuchinja, kisha tarehe 9 na 10 Muharram. Kama msikiti wenu unasoma Maulidi, yawekeni. Kama hausomi, mjadala huo msiufungue kwenye kikao cha mipango, utameza usiku mzima na hakuna hata mche mmoja utakaopandwa.

Kwenye kalenda ya jua wekeni mambo manne: mvua huanza na kukoma lini mlipo, miche hupandwa lini, mazao makuu huvunwa lini, na maji hupungua lini. Haya msimuulize imamu. Muulizeni mkulima, na aghalabu yuko mmoja katika safu za nyuma, hajawahi kuulizwa kitu na kamati.

Sasa zitazameni zote mbili kwa pamoja. Ramadhani ikiangukia ukame, ajenda ya kwanza ni maji. Ikiangukia mvua, ajenda ya kwanza ni paa, mifereji na mahali watu watakapokaa kufuturu bila kukanyaga tope. Na kama Idi imeangukia ardhi kavu, hamna haja ya kuacha upandaji, usogezeni tu. Siku ya Idi yenyewe chukueni majina ya watakaoahidi kulea miche, kisha pandeni mvua zikishalowesha ardhi.

Hatua ya pili: tenganisheni mafungu ya fedha

Sanduku moja la chuma mlangoni, limeandikwa "Sadaka", lina madhara kuliko mwizi. Zaka, fidya, wakfu na mchango wa umeme vyote vinatumbukia humo humo, na mwisho wa mwezi mweka hazina anamlipa fundi wa paa. Hapo amana imekwisha vunjika na hakuna aliyeiba hata senti.

Zaka ina wenyewe. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imewataja: mafakiri, maskini, wanaoitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kuwakomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu na msafiri aliyekwama. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne (Hanafi, Maliki, Shafi na Hanbali) hawakubali zaka ijenge msikiti, maana jengo si mmoja wa hao wanane. Wapo wa zama hizi wanaoipanua maana ya "njia ya Mwenyezi Mungu". Kamati isijiamulie. Muulizeni mwanachuoni wenu mapema, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Msipouliza, kaeni upande wa salama: zaka isinunue zulia wala kipaza sauti wala sola, hata kama sola ni jambo zuri.

Mafungu ninayopendekeza, kila moja na ukurasa wake daftarini:

- Zaka ya mali na ya mazao, kwa makundi manane tu.
- Zakatul-fitri, ambayo huingia na kutoka ndani ya siku chache.
- Fidya na kafara, kwa kulisha maskini.
- Wakfu, ambao mali yenyewe haiguswi, hutumika tunda lake.
- Sadaka ya jumla. Hapa ndipo kamati ina uhuru wa kununua miche, koki na mapipa.
- Mchango wa uendeshaji: umeme, maji, ujira wa mwadhini na wa msafishaji.

Mtoaji aulizwe palepale anapotoa: "Hii ni ipi, ndugu yangu?" Swali hili dogo linaokoa ugomvi mkubwa. Apewe stakabadhi iliyotaja fungu. Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na fedha zihesabiwe siku ileile na watu watatu, mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati. Kila mwezi bandikeni ubaoni jumla iliyoingia na iliyotoka kwa kila fungu.

Majina ya waliopokea hayabandikwi, na picha zao hazipigwi. Sura Al-Baqara, aya ya 271, inasema kutoa hadharani ni vizuri, na kutoa kwa siri kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Mjane kusimamishwa mbele ya bango la msikiti akiwa ameshika mfuko ili wafadhili waone, huko mimi siiti uwazi. Kama mfadhili anataka ushahidi, muonyesheni daftari.

Hatua ya tatu: zaka ihesabiwe na kila mtu kwa hauli yake

Nisabu ni kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka. Ya dhahabu ni dinari 20, karibu gramu 85. Ya fedha, yaani yale madini, ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Wanaofuata vipimo vya Kihanafi husema gramu 87.48 na 612.36. Mali ikifika hapo na ikazungukiwa na mwaka mzima wa mwezi, hutolewa 2.5 kwa mia. Mwenye akiba yenye thamani ya gramu 200 za dhahabu hutoa thamani ya gramu 5.

Mezani kwenu weka karatasi rahisi yenye safu hizi: fedha taslimu na za benki, dhahabu na fedha, bidhaa za biashara kwa bei ya soko la siku hiyo, na madeni anayodai ambayo anatumaini kulipwa. Juu ya deni analodaiwa yeye, na vito anavyovaa mkewe, madhehebu yamehitilafiana. Hapo aende kwa mwanachuoni, asijibiwe na mweka hazina.

Wafanyabiashara wengi hufunga hesabu kwa mwaka wa jua. Hilo linakubalika, ila wakumbushwe kwamba mwaka wao ni mrefu kwa siku kumi na moja, kwa hiyo kiwango huwa 2.577 kwa mia. Asiyefanya hivyo, kila baada ya miaka 33 atakuwa amewadhulumu mafakiri zaka ya mwaka mzima bila kujua.

Mazao yana hesabu yake, na hapa kalenda ya jua ndiyo yenye neno. Aya ya 141 ya Sura Al-An'am inaamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuyavuna, na papo hapo, kwenye aya ileile, inakataza israfu, yaani ubadhirifu. Nisabu ni wasaki 5, yaani pishi 300, karibu kilo 650 za nafaka. Shamba lililonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi. Lililonyweshwa kwa taabu, kwa ndoo au pampu, hutoa nusu ya hiyo. Kwa hiyo mezani pa zaka panafunguliwa mara mbili kwa mwaka: Ramadhani kwa wenye fedha, na msimu wa mavuno kwa wenye mashamba. Misikiti mingi hufungua mara moja tu, kisha hulalamika kwamba wakulima hawatoi.

Hatua ya nne: pimeni maji ya udhu

Msianze na hotuba juu ya israfu. Anzeni na ndoo.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa swahaba Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ndiyo kibaba chetu, na vibaba vinne ni pishi. Kwa maji, kibaba ni kama robo tatu ya lita au pungufu kidogo. 

Alasiri moja tuliweka ndoo chini ya kila bomba, tukawaomba watu watawadhe kama kawaida yao. Kijana wa kwanza aliijaza ndoo yake hadi pomoni, na bado alikuwa hajafika miguuni. Karibu naye alikaa mzee mmoja aliyezoea kuja na kopo lake kutoka nyumbani. Alitawadha, akafuta kichwa, akaosha miguu, na kopo likabaki na maji.

"Mnapima nini, wanangu?" akauliza.

"Tunapima israfu, babu."

"Basi mngeanza na imamu."

Tulianza na imamu wiki iliyofuata, naye akacheka, akakubali matokeo yasomwe mbele ya watu.

Hesabu yenu wenyewe itawashtua. Bomba likitoa lita 6 kwa dakika, na mtu akaliacha wazi dakika moja na nusu, amemwaga lita 9, karibu mara kumi na tatu ya kibaba. Watu 200 kwa swala moja ni lita 1,800. Wakitumia lita 2 kila mmoja, ambazo ni nyingi tu, ni lita 400. Zilizobaki, lita 1,400, ni za swala moja.

Baada ya kupima, fanyeni hivi. Kwanza, punguzeni koki kuu ya mabomba hadi maji yatoke unene wa kalamu. Hili halina gharama na hufanyika jioni moja. Pili, rekebisheni yanayovuja. Tatu, fedha za sadaka ya jumla zikiruhusu, wekeni mabomba yanayojifunga yenyewe. Msikiti wa Istiqlal wa Jakarta, ambao ni miongoni mwa mikubwa duniani, uliweka mabomba ya kupunguza maji na mfumo wa kuyasafisha yatumike tena, pamoja na paneli za sola, ukapata cheti cha jengo la kijani mwaka 2022. Ninyi mnaweza kuanza na bisibisi.

Kisha mkondo wa maji yaliyotumika. Maji yaliyokwisha tumika kwa udhu, kwa mashafii, ni safi yenyewe ijapokuwa hayatoharishi kingine. Hayafai kutawadhia tena, lakini hakuna ubaya wowote kunyweshea mti. Tenganisheni bomba lake na la vyoo, hili ni sharti, msilegeze. Literemke kwa mfereji wenye changarawe hadi penye miti, na liwe na njia mbili au tatu mnazobadilisha kila baada ya siku kadhaa ili sehemu moja isigeuke kinamasi. Msiyahifadhi kwenye pipa zaidi ya siku moja, yananuka na mbu watazaliana. Sabuni wekeni mbali na mabomba hayo. Anayetaka kuosha uso kwa sabuni aende kwenye sinki la vyooni.

Kuna hadithi mashuhuri ya swahaba Saad, kwamba Mtume alipita akamkuta akitawadha kwa maji mengi, na alipouliza kama katika udhu pia kuna israfu akajibiwa ndiyo, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Iko katika mkusanyo wa Ibn Majah, na wanazuoni wa hadithi wameitia dosari isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Khatibu akiitumia, aseme hivyo. Haiharibiki kitu: hadithi ya kibaba inatosha.

Hatua ya tano: futari ya jamaa bila jalala

Watu 200 wakitumia vikombe viwili vya plastiki kila jioni, Ramadhani ya siku 30 itawaachia vikombe 12,000. Kila mtu aje na kikombe chake kilichoandikwa jina, na msikiti uwe na vya ziada kwa wageni. Sahani ziwe za kuoshwa. Wekeni karai tatu: moja ya maji ya sabuni, moja ya kusuuzia, ya mwisho yenye dawa ya kuua vijidudu. Zamu ya kuosha ipangwe kwa majina tangu Shaabani. Na ikiwa zamu zote zimeangukia kina mama, kikao kirudiwe.

Siku tatu za mwanzo hesabuni waliokuja na kilichobaki. Kuanzia siku ya nne pikeni kwa hesabu hiyo, si kwa hofu ya "kisije kikapungua". Wafadhili hupenda kuleta vyombo vikubwa siku moja, hasa usiku wa ishirini na saba. Waombeni kwa adabu wagawane siku, mmoja achukue tarehe 9, mwingine 14. Thawabu ya kumfuturisha aliyefunga haina siku maalumu.

Kilichobaki kifungwe mara baada ya Magharibi, kabla ya Isha, kipelekwe nyumba zilizokwisha orodheshwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Msisubiri hadi tarawehe iishe ndipo mkumbuke masufuria.

Maganda ya matunda na mboga yaende kwenye mboji. Sehemu mbili au tatu za vitu vikavu, kama majani na maboksi yaliyochanwa, kwa moja ya vitu vibichi. Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Pinduapindua kila wiki. Nyama, mifupa na mafuta msitie, mtaita panya. Kokwa za tende huchelewa mno kuoza, zitengeni. Mboji huiva kwa miezi mitatu hadi sita, basi irudieni kalenda ya jua muone kama itakuwa tayari wakati wa kupanda. Ikiwa haitawahi, ianzeni Rajabu kwa majani ya uani.

Hatua ya sita: zakatul-fitri ifike kabla ya swala

Ni pishi moja ya chakula kikuu cha mahali kwa kila mtu, mkubwa na mtoto, kati ya kilo 2.5 na 3 kufuatana na nafaka. Mahanafi wanaruhusu thamani yake kwa fedha. Ibn Abbas amepokea kwamba anayeitoa kabla ya swala ya Idi ni zaka yenye kukubaliwa, na anayeitoa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Sasa fikirini: watu 400 ni kilo 1,000 za nafaka, na kama zote zitaletwa usiku wa Idi, mtazigawa saa ngapi?

Mashafii wanaruhusu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Tumieni nafasi hiyo. Orodha ya wanaostahiki ikamilike ifikapo tarehe 15, ikikusanywa na watu wanaoijua mitaa, wanawake wawili au watatu wakiwemo, maana wao wanajua jiko lipi halijawashwa. Mapokezi yaanze tarehe 20. Magunia yakae juu ya mbao, sio sakafuni. Usambazaji uwe kuanzia tarehe 27, na usiku wa Idi ubaki kwa waliochelewa tu. Nafaka iwe ile ambayo mtoaji mwenyewe angeila. Aya ya 267 ya Al-Baqara imekataza kukusudia kibaya kukitoa. Yenye wadudu irudisheni kwa mwenyewe, kwa upole lakini irudi.

Fidya ni nyepesi: kibaba kimoja kwa kila siku iliyoliwa, kwa mgonjwa asiyetarajia kupona na mzee asiyeweza. Mwezi wa siku 30 ni pishi saba na nusu.

Hatua ya saba: kuchinja na usafi wake

Mbuzi au kondoo ni wa mmoja, ng'ombe au ngamia hushirikiwa na saba. Wakati huanza baada ya swala ya Idi na hotuba, na hudumu hadi jua linapotua tarehe 13 Dhulhija kwa mashafii, tarehe 12 kwa madhehebu mengine matatu. Tumieni siku hizo zote. Kung'ang'ania kuchinja wanyama thelathini asubuhi moja ndiko kunakoleta visu butu, mnyama kumwona mwenzake akichinjwa, na damu kuingia mferejini.

Shimo lichimbwe siku ya Arafa, sio asubuhi ya Idi. Liwe angalau mita 30 kutoka kisima chochote na upande wa chini wa mteremko, kina cha zaidi ya mita moja. Damu na visivyolika viingie humo, juu yake chokaa, kisha udongo ushindiliwe ili mbwa wasifukue. Kilichomo ndani ya tumbo la ng'ombe msikizike: ni majani yaliyokwisha sagwa, mboji nzuri kupita kiasi. Mchinjaji alipwe ujira wake kwa fedha. Ali amepokea kwamba alikatazwa kumlipa mchinjaji kutoka kwenye mnyama mwenyewe. Ngozi isiuzwe na mwenye kuchinja, itolewe sadaka. Siku hizi ngozi nyingi hutupwa na kuoza barabarani, basi tafuteni mapema mtengeneza ngozi au kikundi cha mafukara watakaozipokea.

Nyama ifungwe kwa majani au vyombo vya wapokeaji wenyewe. Tangazeni wiki moja kabla: "Njooni na bakuli." Aya ya 37 ya Sura Al-Hajj inasema nyama wala damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni uchamungu. Mifuko ya plastiki inafika baharini.

Hatua ya nane: miti na wakfu

Anas amepokea kwamba Muislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila ni sadaka kwake. Huyu ni mtoaji asiyehitaji stakabadhi. Lakini soma vizuri: mti unaoliwa ni mti uliokua. Kupanda ni dakika tano. Kulea ni misimu miwili au mitatu ya kiangazi.

Kwa hiyo idadi ya miche isizidi idadi ya walezi. Tulipojirekebisha, tulipanda kumi na miwili tu, kila mmoja na kibao chenye jina la nyumba moja, sio jina la msikiti. Chagueni aina za mahali penu, zenye kivuli au matunda, na zile zenye mizizi mikali ziwekeni mbali na msingi na shimo la choo. Mashimo yachimbwe na kutiwa mboji kabla ya mvua, miche iingie ardhi ikiwa imelowa hadi kiganja kimoja chini. Mifereji ya udhu iielekee.

Paa nalo ni shamba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita za mraba 300, mvua ya milimita 20, ni lita 6,000. Toa moja ya tano ya kupotea, zimebaki 4,800. Maji ya dakika za mwanzo yamwageni, yanaosha kinyesi cha ndege.

Mtu akitaka kuacha shamba, kisima au hata mnazi mmoja kuwa wakfu, msipokee kwa maneno matupu. Omar alipopata ardhi Khaibar aliambiwa aizuie asili yake na alitoe tunda lake, naye akaweka masharti: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na msimamizi ale kwa wastani. Andikeni kama yeye: mali gani, tunda lake la nani, msimamizi ni nani, akifa anafuata nani. Warithi wawepo na waweke sahihi. Wakfu unaotegemea kumbukumbu ya mzee mmoja huzikwa pamoja naye.

Ukame ukizidi

Kuna ibada moja isiyokuwa kwenye kalenda yoyote kati ya zile mbili: swala ya istisqaa, yaani ya kuomba mvua. Ni rakaa mbili uwanjani, takbira saba na tano kama za Idi, hotuba, imamu akigeuza shuka lake. Mashafii hupendekeza kabla yake watu watubie, warudishe walivyodhulumu, watoe sadaka na wafunge siku tatu. Mimi ninaongeza jambo la kamati: katika siku hizo tatu, mtu apande darini na kusafisha mifereji. Tumewahi kuomba mvua ikanyesha usiku uleule, na lita zote za paa zikapitia juu ya majani makavu hadi barazani.

Daftari la Mfunguo Mosi

Kikao cha hesabu kiandike namba, sifa ziachwe. Mita ya maji ilisoma ngapi mwanzo na mwisho wa Ramadhani. Magunia yaliyoingia na yaliyotoka, na nyumba ngapi zilifikiwa kabla ya swala. Sahani zilizopikwa na zilizobaki katika zile siku tatu. Miche iliyopandwa mwaka uliopita na iliyo hai leo, ikihesabiwa kwa kuiendea na kuigusa. Kila fungu lilianza na kiasi gani na limebaki na kiasi gani. La zaka linapasa kusoma sifuri au karibu yake, kwa sababu zaka haiwekwi akiba. Siku ya kubadilisha uongozi, daftari likabidhiwe mbele ya mashahidi wawili pamoja na funguo zote mbili na ile ndoo ya kupimia.